Mtoto Akishapaliwa, Usimrudishe Kwenye Uji Mtupu

Wadogo zangu, leo nina swali la mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. Mtoto alipaliwa na kipande cha embe, akakodoa macho, sauti ikakatika. Jirani alimpiga mgongoni, kipande kikatoka. Tangu siku hiyo mama anamsagia kila kitu kwenye blenda, na sasa hata hicho cha kusagwa mtoto hakitaki. Anafumba mdomo, anageuza uso, na mama mkwe ameshaanza kusema mjukuu wake amekonda. Mama anataka kujua afanye nini ili mtoto ale, na afanye nini ili yeye mwenyewe aache kutetemeka kila anapoinua kijiko.

Pole sana, mdogo wangu. Sekunde zile hazisahauliki, na mama anayezikumbuka hadi usingizini hana kasoro yoyote. Lakini nikujibu bila kuzunguka: embe lilishatoka, na sasa hofu yako ndiyo inayomharibia mwanao kula. Kila siku unayomsagia chakula ni siku ambayo hajajifunza kutafuna, na asiyejua kutafuna ndiye anayepaliwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo tutaanza na cha kufanya akikwama tena, maana mama asiyejua cha kufanya hatulii hata umwimbie nyimbo za kumfariji. Tukishamaliza hapo, tutarudisha chakula cha kutafuna kwenye sahani yake, polepole, ila tutakirudisha.

Kuna hali mbili ambazo kwa macho ya mama aliyeshtuka zinafanana. Ya kwanza ni mtoto kukohoa au kutaka kutapika chakula kinapogusa nyuma ya ulimi. Uso unaiva, machozi yanamtoka, ulimi unatoka nje, anatoa sauti ya kuogofya, kisha anatema au anatafuna upya. Huo ni mwili unajilinda. Kwa mtoto anayeanza kula, sehemu ya ulimi inayoamsha hali hiyo iko mbele zaidi kuliko kwetu watu wazima, na hurudi nyuma kadiri anavyozoea chakula kigumu. Mtoto anayekohoa kwa nguvu au kulia, hewa inapita. Kaa naye, mwinamishe mbele kidogo, mwambie kwa sauti yako ya kawaida akohoe. Usimtie kidole mdomoni kutafuta usichokiona, kwa sababu unaweza kukisukuma ndani zaidi. Usimpe maji wala tonge la ugali la kusukumia, na usimning'inize miguu juu. Najua hayo yote tumeyaona yakifanywa na watu wazima tunaowaheshimu.

Hali ya pili ni njia ya hewa kuziba kweli, na dalili yake kubwa ni ukimya. Anafungua mdomo lakini kilio hakitoki. Kikohozi ni hafifu au hakipo. Kifua kinahangaika, macho yanakutazama kwa woga, na midomo, fizi na kucha zinaanza kuwa za buluu au kijivu. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, usisubiri uso ubadilike rangi. Tazama ndani ya midomo na kwenye kucha. Hapo hakuna kungoja. Piga kelele watu waje, na mikono yako ianze kazi wakati huohuo.

Mwanao ameshavuka mwaka mmoja, kwa hiyo kwake ni hivi. Mwinamishe mbele, kichwa kikiwa chini ya kifua, umshikilie kifua kwa mkono mmoja. Akiwa mdogo unaweza kumlaza kifudifudi juu ya mapaja yako. Kwa kitako cha kiganja, mpige katikati ya mgongo, kati ya mabega, mapigo 5 ya nguvu. Baada ya kila pigo angalia kama kitu kimetoka. Kama bado, piga magoti nyuma yake, zungusha mikono kiunoni mwake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, chini ya chembe cha moyo, ishike kwa mkono wa pili, kisha uvute kwa mshtuko kuelekea ndani na juu, mara 5. Rudi mgongoni mara 5, rudi tumboni mara 5, ukibadilisha hivyo hivyo hadi kitu kitoke au mtoto aanze kukohoa na kulia. Mbinu hii ya tumbo ilitangazwa na daktari mpasuaji wa Marekani, Henry Heimlich, mwaka 1974, na imeokoa watu wengi tangu hapo.

Kama una mtoto mwingine mchanga nyumbani, sikiliza vizuri tofauti hii. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja habanwi tumbo kabisa, kwani ini na viungo vingine vya ndani vinaweza kuumia. Yeye unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, huku kiganja chako kikishikilia taya bila kumbana koo. Unampiga mapigo 5 kati ya mabega. Kisha unamgeuza chali, kichwa bado kikiwa chini, na kumbonyeza katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5. Unarudia mgongo na kifua kwa zamu.

Na akilegea, asiitike, asipumue? Mlaze chali sakafuni, mahali pagumu. Fungua mdomo utazame. Ukikiona kitu kitoe, usipokiona usitafute kwa kidole. Anza kumkandamiza katikati ya kifua hadi kifua kididimie karibu theluthi ya unene wake, mara 30 kwa haraka, kama mara mbili kwa kila sekunde moja. Tazama mdomoni tena, mpulizie pumzi 2 ndogo huku ukiona kifua kikiinuka, kisha rudia 30 na 2. Mtu mwingine apige simu ya dharura na atafute gari. Kama uko peke yako, weka simu kwenye spika huku ukiendelea. Kama huna simu, fanya hivyo kwa takriban dakika mbili kabla ya kukimbilia msaada. Tanzania na Kenya namba ya dharura ni 112, lakini tuseme ukweli, mitaa mingi gari la wagonjwa halifiki mapema, na jirani mwenye gari au bajaji ndiye atakayewafikisha hospitali. Hata hivyo, dakika za mwanzo ni zako, na gari hata likiwa mlangoni haliwezi kuzifidia.

Nenda hospitali hata kama mtoto amepona na anacheka, iwapo ulimbana tumbo. Daktari ahakikishe hakuna kilichoumia ndani.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili hupita bila kuonekana. Wakati mwingine mtoto anapaliwa na karanga, anakohoa sana, kisha anatulia. Nyumba nzima inamshukuru Mungu, na kumbe karanga haikutoka. Imeshuka kwenye mrija wa pafu, mara nyingi wa upande wa kulia kwa kuwa ndio mpana na ulionyooka zaidi. Siku au wiki zinapita. Kikohozi kinaanza, kifua kinakoroma, homa inakuja na kuondoka. Anapewa dawa ya nimonia, anapata nafuu, kinarudi. Anaambiwa ana pumu. Picha ya eksirei inaweza isionyeshe karanga hata kidogo, kwa kuwa haionekani kama sarafu inavyoonekana. Kinachomwokoa mtoto huyu ni mama anayekumbuka na kumwambia daktari kwamba kikohozi hiki kilianza baada ya kupaliwa, siku fulani, na kitu fulani. Ukilisema hilo, daktari atafikiria kumpeleka kwa wataalamu wa pua, koo na masikio, kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili au Kenyatta, ambako mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi na kitu hutolewa kwa kifaa chenye kamera. Kwa hiyo wewe wa embe nakuuliza: tangu siku ile, kuna kikohozi kilichoganda? Kuna mluzi kifuani? Kama kipo, hili ndilo la kwanza, kabla ya habari za chakula.

Betri zile ndogo za duara, za rimoti na midoli inayoimba, nazo zina habari yake. Ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukihisi amemeza, ni hospitali papo hapo, hata kama anacheza.

Kwa nini umri huu hasa? Njia ya hewa ya mtoto mdogo ina upana unaokaribia ule wa kidole chake cha mwisho. Meno ya mbele anayo, magego hana au ndiyo kwanza yanachomoza. Magego ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19, na yale ya nyuma yake huweza kusubiri hadi mtoto akaribie miaka mitatu. Maana yake anaweza kumega asichoweza kusaga. Mpe kipande cha karoti mbichi, atakikata vizuri kwa meno ya mbele, kisha hana cha kukisagia, anakimeza kama kilivyo. Ongeza na tabia yake ya kula huku anakimbia, anacheka au analia, na mdomo umejaa.

Kwa hiyo angalia umbo na ugumu wa chakula, siyo jina lake. Karanga nzima, korosho, njugu na bisi, mimi nawaambia msubiri hadi miaka 5. Wataalamu wa Uingereza wanasema 5, wa Marekani wanasema 4, na sioni sababu ya kuharakisha. Ladha ya karanga ataipata ikisagwa laini na kukorogwa kwenye uji, au ikipakwa kwa wembamba kwenye mkate. Kijiko kizima cha siagi ya karanga hunata kooni, kwa hiyo hicho pia hapana. Ubuyu wa rangi, ule wa Pwani tunaoupenda sote, mtoto humumunya unga ukaisha, ikabaki punje ngumu inayoteleza. Usimpe. Tende za Ramadhani zitolewe kokwa na kuchanwa. Machungwa na machenza yatolewe mbegu. Zabibu zipasuliwe mara nne kwa urefu. Soseji ukiikata kwa miduara unamtengenezea mwanao kizibo cha koo, basi ipasue kwa urefu kwanza, ndipo uikate ndogo. Makande au githeri, mpondee maharage na uziache punje za mahindi. Samaki mchambue kwa vidole vyako mwenyewe, usitegemee macho, kwa sababu mwiba mwembamba wa perege vidole huuhisi pale macho yasipouona. Nyama ichemke hadi ichambuke, uikate kuvuka nyuzi zake zibaki fupi. Pipi ngumu na jojo, mwambieni na mjomba anayekuja nazo mfukoni kwamba mtoto huyu bado.

Embe ukitaka kulirudisha, chagua lililoiva hadi linabonyea, lisilo na nyuzi nyingi, uliponde kwa uma. Lile gumu kidogo, linaloteleza, ndilo la hatari.

Na mahali pa kulia pana uzito kama chakula chenyewe. Nawaomba sana, mtoto asile akiwa mgongoni ndani ya mbeleko. Uso wake huuoni, na tumeshasema dalili kubwa ni ukimya. Kwenye basi, mkono unaingiza karanga kupitia dirishani, gari linaruka kwenye tuta, mtoto ana kitu mdomoni; usikubali. Akae wima, mkekani au kwenye kiti, akiwa mbele ya macho yako, na anayekaa naye awe mtu mzima. Kaka yake wa miaka mitano anampenda mdogo wake, lakini hajui ukubwa wa tonge.

Sasa tuje kwenye blenda yako. Kuna utafiti mkubwa uliofuatilia familia za Bristol na maeneo ya jirani, Uingereza, zilizopata watoto mwaka 1991 na 1992. Watoto ambao walichelewa kupewa chakula chenye mabonge, wakaanza wakiwa na miezi 10 au zaidi, walikuwa wagumu kulisha walipofika miezi 15, na hata walipofika miaka 7 bado wengi wao walikuwa na shida zaidi za chakula kuliko wenzao waliowahi. Sikuelezi hili kukutisha. Nakueleza kwa sababu watu watakwambia usage tu mpaka atakapokua, na ushauri huo haumsaidii. Ulimi na taya hujifunza kazi kwa kuifanya. Miezi yako hii ya kusaga haijaharibu kitu ambacho hakirekebishiki; mwanao ana mwaka na miezi minane tu.

Anza na kile anachokikubali leo, ubadilishe kidogo mno. Weka blenda kabatini, shika uma. Kiazi kitamu, boga, ndizi, parachichi, maharage yaliyoiva sana: vyote ponda hadi viwe rojo nzito inayokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Baada ya siku chache ponda kidogo zaidi ya nusu tu, acha vibonge laini. Bokoboko linafaa sana hapa, na mtori pia, na wali uliopikwa ukalainika. Halafu mpe kipande mkononi mwake, cha urefu wa kidole chako, cha kitu kinachobonyea. Kipimo unacho muda wote: kibane kwa kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka kirahisi, fizi zake zitakipondaponda. Kisipopondeka, rudisha jikoni kikaive.

Kuna kosa moja ambalo wengi hulifanya wakidhani wanamsaidia. Wanatia vipande ndani ya supu nyepesi au uji mwepesi. Kwa mtoto anayejifunza, huo ndio mtihani mgumu, kwa sababu maji yanakimbilia kooni huku kipande kikibaki kutafunwa, na mdomo mdogo hauwezi kazi mbili kwa pamoja. Mchanganyiko mzito wa aina moja ni rahisi zaidi kwake.

Kaa naye ule chakula hichohicho. Tafuna ukimtazama, mdomo ukionekana ukifanya kazi. Mwache aguse, aponde, ajipake, anuse, aweke mdomoni na kutema. Kutema ni sehemu ya kujifunza, msimgombeze. Watoto wengi wanapokaribia miaka miwili huanza kuvikataa vyakula vipya, na hata vya zamani, hiyo ni hatua ya umri. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonekana mezani mara 10, hata 15, kabla hajakikubali. Wengi wetu tunakata tamaa mara ya tatu na kutangaza kwamba mtoto hapendi mchicha.

Nisikie kwa makini kuhusu kulazimisha. Najua njia zinazotumika. Mtoto analazwa mapajani, anabanwa mikono, pua inazibwa ili afungue mdomo, uji unamiminwa. Au chuchu ya chupa inakatwa tundu kubwa uji mzito upite, mtoto amelala chali. Anayefanya hivyo mara nyingi anafanya kwa mapenzi na kwa woga wa utapiamlo. Lakini mtoto aliyezibwa pua atavuta hewa kwa mdomo uliojaa uji, na uji huo huenda mapafuni. Unayeogopa kupaliwa utakuwa unamwandalia kupaliwa. Na yule ambaye chakula kimemjia kwa kubanwa atakifumbia mdomo kesho, keshokutwa, na mwaka ujao.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii kwa namna ninayoipenda. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Kwetu hili ni gumu kulimeza, nakiri, kwa sababu tumelelewa kwamba sahani lazima iishe. Lakini angalia hesabu yenyewe. Mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito hadi karibu mara tatu ya aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 hivi au mbili na nusu tu. Mwili umepunguza kasi, na hamu ya kula inapungua nayo. Tumbo la mtoto wa kilo 10 hubeba takriban mililita 300 kwa mlo, glasi moja na kidogo. Sahani unayomjazia huenda inapimwa kwa njaa yako wewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri milo 3 hadi 4 kwa siku kwa umri huu, na vitafunio mara 1 au 2, huku kunyonya kukiendelea hadi miaka 2 na zaidi. Uweke muda wa mlo, kama dakika 20 hadi 30, kisha sahani iondoke bila ugomvi, na asile biskuti kwa kufidia. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtoto anakataa ugali saa saba, saa saba na nusu anapewa jusi na biskuti kwa huruma, saa kumi chai ya maziwa, na jioni tunashangaa hana njaa. Maziwa ya ng'ombe yakizidi nusu lita kwa siku yanamshibisha na kumwachia upungufu wa madini ya chuma. Chai nayo huzuia madini hayo kufyonzwa. Upungufu wa damu unapunguza hamu ya kula, na mzunguko unaendelea. Kama mnakula sinia moja, mtengee mtoto sahani yake, ili ujue amekula nini na asishindane na mikono mikubwa.

Swali la mama mkwe kwamba amekonda halijibiwi kwa macho. Fungua kadi ya kliniki, tazama mstari wa uzito. Ukiwa unapanda sambamba na mistari iliyochapwa, hata kama uko chini kidogo, mtoto anakua. Ukilala au kushuka, usisubiri. Mhudumu wa afya ya jamii ana mkanda wa kupimia mkono: sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani, chini ya hapo hadi 11.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu na huyo mtoto anahitaji matibabu leo. Mwonyeshe mama mkwe kadi kwa heshima. Bibi anayeuona mstari ukipanda hutulia haraka kuliko bibi anayebishiwa.

Na kama mtu katika familia ameanza kusema mtoto ana kimeo, akipelekwa kwa mkataji atakula, naomba usikubali. Ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kaakaa kila binadamu anayo, na wakati wa kumeza husaidia kuziba njia ya puani. Kuikata kwa kiwembe au kisu kumewaletea watoto damu isiyokoma, maambukizi, pepopunda na kifo, na kikohozi kilichowapeleka huko mara nyingi kilikuwa na chanzo kingine kabisa. Vivyo hivyo na meno ya plastiki, imani iliyosambaa Tanzania tangu miaka ya 1980. Kinachong'olewa kwenye fizi za mtoto ni machipukizi ya meno yake halali ya utoto, mara nyingi yale ya chonge. Mtoto aliyeachiwa vidonda mdomoni ndiye atakayekataa chakula kweli.

Zipo sababu za kweli za kuwa na shida ya kula, na hizo zinahitaji macho ya daktari. Mtoto anayekohoa karibu kila mlo, au sauti yake inakuwa ya majimaji baada ya kunywa. Nimonia zinazojirudia. Mtoto anayekoroma usiku, anapumua kwa mdomo na kukwepa nyama: huenda mafindofindo au nyama za puani zimekua. Utando mweupe mdomoni. Maziwa yanayotokea puani, ambayo yanaweza kuashiria kaakaa lenye mpasuko usioonekana kwa urahisi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye misuli yake ya kumeza inahitaji mkao na uzito maalumu wa chakula, na mama yake asiachwe kubahatisha peke yake. Mtoto anayekubali vyakula vitatu au vinne tu, vya rangi moja au aina moja, na pia hazungumzi wala kukutazama kama wenzake. Huyo apimwe kwa ujumla, siyo chakula tu. Mwanao, kwa jinsi ulivyoeleza, alikuwa anakula vizuri kabla ya embe, na hiyo ni habari njema.

Kuhusu mikono yako inayotetemeka. Mtoto husoma uso wa mama kabla ya kuonja. Akikuona umeacha kupumua kila anapofungua mdomo, ataamini kwamba kula ni jambo la hatari. Siku za mwanzo, chakula cha kutafuna kitolewe na mtu mliyemzoea na aliyetulia, baba yake au bibi, nawe ukae pembeni ule chako. Mwombe mumeo asikuambie umezidisha. Kama bado unaiona picha ya siku ile kila ukifumba macho, usingizi umekimbia na wewe mwenyewe chakula hakipiti, mweleze muuguzi wa kliniki. Wanawasikiliza akina mama kila siku, na hilo nalo ni ugonjwa unaotibika.

Kinachotuliza mikono kuliko maneno yangu ni mazoezi. Chama cha Msalaba Mwekundu, Tanzania na Kenya, hufundisha huduma ya kwanza. Uliza tawi la karibu, mwende wawili. Kabla ya hapo, chukua mdoli, au khanga iliyokunjwa vizuri, ufanye mapigo ya mgongo kwa sauti huku ukihesabu. Kwa mtoto halisi usijaribu ikiwa hajakwama. Afanye na baba. Afanye na msichana anayekusaidia nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye anayebaki na mtoto saa nyingi zaidi, na mwambie waziwazi kwamba mtoto akikwama asianze kwa kukupigia simu wewe kazini. Aanze na mgongo, apige kelele, majirani wataitika. Afanye na bibi, ambaye huenda akakufundisha na yeye jambo. Na namba ya yule jirani mwenye bajaji iwe kwenye simu za wote wanne.